Nina Mtoto, na Bado Nadai Haki Yangu

Tassia,
Jumatatu, 3 Machi 2025

Mama,

Pokea salamu zangu, za Carolyne na za mjukuu wako Adongo. Nimekupigia tangu Ijumaa. Simu inaita mara moja kisha inakatika. Jana Mwanzia fundi viatu, ambaye tunaishi naye ploti moja huku Tassia, aliniambia ulisimama mbele ya kibanda chake karibu na korti za Makadara ukamwambia, "Mwambie mtoto wa Phares kwamba simu yangu haitaki sauti yake." Basi nimempa Mwanzia barua hii akuletee. Barua haina sauti.

Ndiyo, Mama. Ni mimi niliyeenda ofisini nikaomba jina lako liondolewe kwenye orodha ya pesa za wazee. Nilitaka kukuambia mwenyewe Jumapili, lakini karani aliniwahi kukuambia. Kumbe kwa kuondoa, wao ni wepesi.

Nikueleze ilivyokuwa. Mwezi wa pili tulikuwa na kikao cha wanaume kanisani, tukipanga harambee ya paa, na mimi ndiye mwenyekiti. Nilimwambia Sylvance kwamba ahadi yake ni ndogo kwa mtu wa cheo chake. Akacheka mbele ya wote. "Chairman, juzi nilikuwa kwenye baraza la chifu. Wamesoma majina ya wazee wa kusaidiwa. Kumbe mama yako analishwa na serikali, na wewe uko hapa unatuhimiza kutoa?" Watu walicheka, Mama. Hata pasta aliinamisha kichwa ili asionekane akitabasamu.

Kesho yake nikaenda ofisini. Nilisaini fomu kwamba mimi ndiye mlezi wako na kwamba huna haja ya msaada mwingine. Baba hakutulea tukinyoosha mkono. Alivaa yunifomu yake ya reli kila asubuhi mpaka siku aliyoanguka. Mimi ni mwanawe. Nikiwa hai, mama yangu hatakaa kwenye benchi la ofisi na kitambulisho mkononi kama mtu asiye na mtu.

Dawa zako za presha nitaleta mwenyewe kila mwisho wa mwezi, na chochote kingine unachohitaji. Sema tu.

Mwanao,
Frankline Ooko


Nyumba za Kanju, Jogoo Road,
Alhamisi, 6 Machi 2025

Frankline,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza kwa hasira. Mara ya pili nikihakikisha kwamba hasira yangu ilikuwa na sababu. Ilikuwa nayo.

"Sema tu," umeniambia. Hapo ndipo tunapogombana. Nina miaka sabini na nne. Nilifagia Jogoo Road miaka ishirini na sita, kuanzia saa kumi na moja alfajiri, na mwaka mmojawapo nilifagia nawe mgongoni. Leo nikitaka chumvi nikuombe wewe? Nikitaka kumpelekea mgonjwa mkate, nikupigie kwanza nikueleze ni mgonjwa gani na anaumwa nini? Pesa zile ni chache, na huchelewa. Lakini zikifika haziniulizi ninaenda nazo wapi.

Unasema hatukulelewa tukinyoosha mkono. Ulizaliwa Pumwani, hospitali ya umma. Nyumba uliyokulia, hii ninayoandikia, ni ya kanju, baraza la jiji. Shule ya msingi uliyosoma ni ya kanju, na maziwa ya serikali ulikunywa. Siku nyingine ulirudi na ile pakiti ya pembe tatu umeificha ndani ya sweta umletee baba yako. Huyo Sylvance hakunywa? Hakuna aliyesema tunalishwa. Tulisema serikali imefanya kazi yake, na sisi tunafanya yetu. Wakati ule zamu ilikuwa ya watoto. Sasa ni ya wazee. Mbona aibu imengoja mpaka zamu yangu?

Na hukuniuliza. Hilo ndilo linalonichoma kuliko pesa. Uliketi na karani, watu wawili ambao hata umri wa mmoja wenu haufikii wangu, mkaamua ninahitaji nini.

Rudi huko huko ulikoenda, jina langu liandikwe tena. Ukishafanya hivyo simu yangu itakusikia.

Mama yako,
Phelister


Tassia,
Jumatano, 12 Machi 2025

Mama,

Sitarudi.

Naomba unielewe, si kiburi. Mtoto akishindwa, hapo serikali iingie. Mimi sijashindwa. Kuna wazee wa kweli wasio na mtu, na pesa hizo ni zao. Wewe una mwana. Ukikaa nao kwenye foleni unawaambia watu wote wa mtaa kwamba mwana wa Phares ni jina tu.

Hata kama ningetaka kurudi, nisingeweza sasa. Kazi ni nyingi stoo na hawanipi ruhusa hata ya nusu siku. Shehena inaingia kila asubuhi. Unajua watu wa godauni walivyo.

Nimempa Mwanzia dawa zako, za mwezi huu na wa ujao, na sukari, na mafuta ya kupikia. Adongo anakusalimu. Yuko kidato cha nne sasa na anasoma vizuri. Ninataka akue akijua kwamba katika nyumba yetu watu hubebana wenyewe.

Frankline


Jogoo Road,
Jumatano, 19 Machi 2025

Frankline,

Dawa nimepokea, asante. Sukari nimepokea. Jibu lako sikulipokea. Nimelirudisha moyoni mwako ulifikirie upya.

Jana nilikwenda ofisini mwenyewe. Nilikwenda na Waruguru wa nyumba ya mwisho, yule mama yake Gachanja. Yeye ana sabini na nane na magoti mabovu, lakini alisema hataniacha niende peke yangu kama mshtakiwa. Afisa wa ustawi ni mwanamke wa rika lako, anaitwa Madam Nzivo. Mpole, lakini upole wa mtu aliyechoka.

Akafungua faili. "Mama, hapa mwanao amesaini kuwa wewe una mlezi."

Nikamwambia, "Mwanangu hakuniuliza."

"Basi yeye mwenyewe aje abatilishe. Mimi siwezi kugusa."

"Tangazo liko hapo mlangoni mwako," nikasema. "Nimelisoma kabla ya kuingia. Linasema mwananchi wa miaka sabini na zaidi. Halisemi tasa."

Watu kwenye benchi wakacheka, na yeye akacheka kidogo, kisha akakumbuka yuko kazini. "Mama Phelister, wazee ni wengi kuliko nafasi. Tunauliza kama mtu ana mtoto wa kumsaidia ili tuanze na asiye na mtu."

"Mliyemwuliza si mimi."

Tukakaa. Hakutufukuza. Tulikaa na Waruguru mpaka walipofunga, na Jumanne ijayo tutakwenda tena, na ile nyingine. Mimi nimezoea kuamka mapema. Nitakuwa wa kwanza kwenye benchi hilo unaloliogopa.

Na jambo moja zaidi. Umeandika kwamba kazi ni nyingi na hawakupi ruhusa. Maneno hayo nimeyasikia zamani, katika nyumba hii hii, na sikuyapenda hata wakati ule.

Mama yako,
Phelister


Tassia,
Jumatatu, 24 Machi 2025

Mama,

Nakusalimu kwa heshima. Ni mimi Carolyne, mke wa Frankline. Barua hii nimempa Mwanzia nikamwapisha asimwambie mume wangu. Nawe naomba usimwambie.

Frankline hana kazi. Waliwapunguza pale godauni mwezi wa kumi mwaka jana, watu kumi na wawili siku moja. Baada ya miaka kumi na minne aliyokaa stoo, waliwaita kabla ya chakula cha mchana wakawaambia waende. Tangu siku hiyo anaondoka saa kumi na mbili asubuhi na ile overoli ya bluu, majirani wanamsalimia, "Kazini?" naye anajibu, "Kazini."

Anakokwenda ni Pipeline. Nilimfuata siku moja kwa mbali, Mungu anisamehe. Kule kuna flati za ghorofa saba, nane, maji hayapandi, na watu hulipa kubebewa. Mume wangu anabeba mitungi, Mama. Miwili kwa safari moja, ngazi zile nyembamba na zenye giza hata mchana. Alichagua Pipeline kwa sababu huko hajulikani. Mwezi huu mgongo umemkataa. Anavaa viatu akiwa amelala. Dawa zako anazinunua kwa pesa za mitungi hiyo. Chakula cha nyumbani ni nywele ninazosuka saluni, na hata hilo tunajifanya halipo, kwa sababu nikiweka sufuria mezani anasema, "Leo nimenunua sukuma nzuri," na mimi naitikia.

Haji ofisini kwa sababu akija watamwuliza kazi yake ni ipi, aiseme mbele ya watu.

Sikuandikii ili umlaumu. Nakuandikia kwa sababu wewe ndiye mtu pekee anayemwogopa.

Mkaza mwanao,
Carolyne Kavata


Jogoo Road,
Alhamisi, 27 Machi 2025

Frankline mwanangu,

Leo sikugombezi. Kaa chini. Nitakuambia kitu ambacho nimekinyamazia miaka ishirini na minane.

Baba yako hakufa akitoka kazini.

Mwaka wa tisini na saba, mwezi wa pili, walipunguzwa watu wa karakana, na jina lake lilikuwamo. Hakuniambia. Asubuhi iliyofuata aliamka, akapiga pasi yunifomu yake, akavaa kofia, akatoka. Mimi nilijua siku ya tatu. Mke wa mwenzake alinipa pole sokoni akidhani ninajua. Nilirudi nyumbani nikamwangalia akila, nikasema moyoni: nikimuuliza nitamvua nguo mbele ya watoto. Nikanyamaza. Niliita kimya hicho heshima.

Alisema maneno yale yale. Kazi ni nyingi. Hawatupi ruhusa. Treni zinaingia kila asubuhi.

Ilikuwa miezi minane. Sikujua anakokwenda mpaka siku aliyoanguka. Askari wa korti za Makadara ndiye aliyekuja kugonga mlango, ameshika kofia ya baba yako. Baada ya kuniambia, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mama, mzee alikuwa shahidi wa kesi gani? Amekuja kila siku tangu mwezi wa pili." Ndipo nilipofahamu. Alikuwa akikaa nyuma ya korti kusikiliza kesi za watu asiowajua, kwa sababu pale pana benchi, pana kivuli, na hakuna anayeuliza mtu aliyevaa vizuri anafanya nini. Presha ilimwangusha kwenye ngazi. Ninyi niliwaambia alitoka kazini.

Yule Phares unayemwiga ni hadithi niliyoitunga mimi. Nilidhani ninawapa baba wa kujivunia. Kumbe nilikukabidhi yunifomu.

Kwa hivyo ukiniandikia kwamba kazi ni nyingi, mimi nasikia kofia ikigonga mlango. Nilinyamaza mara moja, nikazika mume. Sitanyamaza tena, hata ukinichukia.

Jumanne, tarehe nane mwezi wa nne, saa mbili asubuhi nitakuwa ofisini kwa Madam Nzivo. Njoo. Huna haja ya kuniambia chochote kabla ya hapo.

Mama yako anayekupenda,
Phelister


Tassia,
Jumatano, 2 Aprili 2025

Mama,

Nimekaa na barua yako siku nne. Nilitaka kukuandikia kwa hasira, kisha hasira ikakosa mahali pa kukaa.

Kwa nini hukuniambia? Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nimemsimulia Adongo habari za babu yake na ile kofia mara ngapi?

Carolyne amekuambia, sivyo? Usijibu. Ameacha kunitazama usoni ninapotoka.

Basi ni kweli. Sina kazi. Nabeba maji. Umefurahi? Lakini usidhani hilo linabadilisha niliyosema. Linayafanya kuwa makali zaidi. Wewe unaona haki, mimi naona kitu kimoja tu kilichobaki mkononi mwangu. Kazi wamechukua. Mgongo unakwenda. Cha kusema kwamba mimi ni mwanamume ni kwamba mama yangu anameza dawa nilizonunua mimi. Ukichukua pesa za serikali, nabaki na nini, Mama? Niambie, nabaki nani?

Hata mwezi uliopita mzee wa mtaa alipita mlangoni akiandikisha watu wa kazi ya serikali ya kusafisha mto na mitaro. Alinisihi. Carolyne alinisihi. Nilikataa. Sitashika fagio la serikali mchana kweupe, watoto wa shule wakipita. Heri mitungi gizani.

Tarehe nane sitakuja.

Frankline


Jogoo Road,
Ijumaa, 4 Aprili 2025

Frankline,

Soma tena uliyoniandikia kuhusu fagio. Kisha kumbuka unamwandikia nani.

Mimi nilishika fagio la serikali mchana kweupe miaka ishirini na sita, watoto wa shule wakipita, na mmoja wao alikuwa wewe. Ulikuwa ukivuka barabara usinione. Nilikuona ukivuka. Nikakusamehe kwa sababu ulikuwa mtoto.

Sasa una miaka arobaini na minne.

Unaniuliza unabaki nani. Unabaki mwanangu. Kazi hiyo haina fomu na hakuna anayeweza kukupunguza.

Saa mbili.

Phelister


Tassia,
Jumatano, 9 Aprili 2025

Mama,

Jana alitoka bila overoli. Alirudi saa nane mchana, akavua viatu, akalala mpaka jioni, na nilipomwuliza aliniambia, "Muulize mama." Nimeogopa kuuliza kwa simu, asije akasikia. Tafadhali niambie. Je, ni mema?

Carolyne


Jogoo Road,
Alhamisi, 10 Aprili 2025

Mama Adongo, binti yangu,

Keti. Ni mema, ingawa si rahisi.

Tulifika mimi na Waruguru kabla mlango haujafunguliwa. Saa mbili ikapita. Saa tatu ikapita. Waruguru akasema, "Hatakuja, twende tukanywe chai." Nikamwambia aende, mimi nilikuwa nimemwambia mtoto saa mbili, sikumwambia mpaka saa ngapi. Akaketi tena akilalamika magoti yake. Saa nne kasoro mumeo akaingia, amevaa shati lile jeupe la kanisani, anatembea kama mtu aliyebeba yai mgongoni. Hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja mezani.

Madam Nzivo akamwambia, "Unataka kubatilisha? Hii hapa fomu." Ilikuwa karatasi moja, yenye mstari mmoja wa kujaza. Akamsomea: "Mimi fulani natamka kwamba siwezi kumtunza mzazi wangu." Kisha pa kusaini.

Aliishika ile kalamu, mwanangu huyo. Nilikuwa nimemwita aje afanye hilo hilo, lakini nilipoisikia ile sentensi kwa masikio yangu niliona nimemleta anyongwe. Nikasimama, nikaichukua karatasi kutoka chini ya kalamu yake.

"Huu ni uongo," nikasema. "Huyu ananitunza. Dawa nilizomeza leo asubuhi amezileta yeye."

Madam Nzivo akaweka mikono kichwani. "Mama, umekuja Jumanne nne kudai jina lirudi. Sasa fomu yenyewe unaikataa? Bila hii fomu hakuna njia."

"Andika ukweli. Andika, Phelister Adongo ana mtoto, na mtoto anamtunza. Chini yake andika, na bado anadai haki yake."

"Fomu haina nafasi ya maneno hayo."

Ndipo Waruguru, ambaye nilidhani amesinzia, akasema kutoka kwenye benchi, "Si karatasi ina upande wa pili?"

Watu wakacheka, lakini mumeo hakucheka. Aligeuka akatazama benchi lote. Wazee kumi na watano, labda zaidi. Akasema, na sauti yake ilikuwa ya baba yake kabisa, "Madam, sikiliza, na ninyi wazee sikilizeni. Mimi ndiye niliyefuta jina la mama yangu. Nilichekwa kanisani, nikaona aibu, nikaja hapa kuiweka aibu yangu juu ya jina lake. Hakuniruhusu. Sina kazi tangu Oktoba. Nabeba maji Pipeline. Ninamtunza hivyo hivyo, na nitaendelea. Lakini kilicho chake ni chake, si cha mimi kukataa."

Nilingoja mtu acheke. Carolyne, hakuna aliyecheka. Mzee mmoja mwenye bakora, simjui hata jina, alisogea akapapasa ubao kando yake. "Keti, kijana," akamwambia. "Umesimama sana." Na mumeo akaketi. Akaketi kwenye benchi lile katikati ya wazee, akafunika uso, na yule mzee akaendelea kutazama ukuta kama kwamba hakuna linalotokea. Hiyo ndiyo adabu.

Madam Nzivo aliigeuza karatasi. Akaandika upande wa pili, akanisomea neno kwa neno, nikasaini mimi, akasaini Frankline, akapiga muhuri. "Sikuahidi kitu," akaniambia. "Nitaipeleka kwa wakubwa hivi hivi. Wakiirudisha, tutaonana Jumanne." Nikamwambia Jumanne ninakuja hata wasipoirudisha. Kuna wenzangu sita pale wameulizwa swali hilo hilo, na Waruguru ni mmoja wao. Kila mmoja atataka upande wake wa pili.

Mpeleke hospitali akaangaliwe mgongo. Ya umma. Akikataa, mwambie ni mimi nimesema.

Mama yako,
Phelister


Tassia,
Jumatatu, 30 Juni 2025

Mama,

Ninajua tumeongea kwa simu mara nyingi tangu siku ile, lakini haya ni ya barua.

Mwezi uliopita nilimtafuta mzee wa mtaa mwenyewe, nikajiandikisha. Tuko watu arobaini kwenye mto, nyuma ya flati za hapa Tassia. Daktari alinikataza kubeba mizigo, kwa hivyo wamenipa reki na koleo fupi. Siku ya kwanza nilivuta kofia mpaka machoni. Kufikia Jumatano jua lilikuwa kali mno kwa kofia ya kujificha, nikaisukuma nyuma. Adongo alipita na wenzake wa shule. Nilimwona akisimama kidogo. Nilijua ninachokingoja, kwa sababu niliwahi kukifanya mimi. Mama, mtoto huyo alishuka ukingoni na viatu vya shule, akaniuliza kama nimekula, akanipa nusu ya andazi lake mbele ya wale wasichana. Nililila pale pale, na mikono michafu.

Nilimweleza habari za babu yake. Zote, za korti pia. Akaniuliza, "Kwa hivyo babu alikuwa anajua sheria?" Nilicheka mpaka mgongo ukauma.

Kanisani nimeacha uenyekiti. Hawakunifukuza. Nilisimama nikawaambia kwamba jina la mama yangu liko kwenye maombi ya pesa za wazee, kwamba lilifutwa na mimi, na kwamba kama kuna mwingine aliyefuta la mzazi wake kwa sababu ya kuchekwa, nitamsindikiza ofisini akarekebishe. Wawili walikuja baada ya ibada, kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja akiangalia mlango.

Sijakubaliana nawe kabisa. Bado nasema mtoto ndiye wa kwanza. Serikali ikija, ije nyuma yangu, si badala yangu. Hilo sitaliacha, hata tukikaa Jumanne mia.

Mwanao,
Frankline


Jogoo Road,
Jumatano, 9 Julai 2025

Mwanangu Frankline,

Usiliache. Nani alikuambia uliache? Mtoto awe wa kwanza, serikali isikimbie, na mimi katikati nijisimamie mwenyewe. Tukibishana hivyo mpaka nife, nitakufa nimeridhika.

Jina limerudi. Jana Madam Nzivo aliniita mezani, akanionyesha. Wakubwa hawakuandika lolote. Waligonga muhuri tu juu ya yale maneno yetu. La Waruguru pia limepita. Watano bado, na tunakwenda nao Jumanne.

Leo asubuhi nilitembea mpaka sokoni kwa miguu yangu, na pesa zangu mkononi. Nimenunua samaki mkubwa, mbichi, nikamchagua mwenyewe, nikabishana bei na yule mama mpaka akaniuliza kama nimetumwa na mtu. Nikamwambia sijatumwa na mtu.

Jumapili njoo na Carolyne na Adongo. Usilete kitu. Njoo na njaa.

Mama yako,
Phelister Adongo